Ajali Ina Kinga, Nayo Huanzia Kwenye Tairi

Sidhani kuna methali iliyotumiwa vibaya katika nchi hii kuliko ile isemayo "Ajali haina kinga." Basi likitumbukia bondeni, tunaitamka. Pikapu ikipinduka konani, tunaitamka. Huitamka dereva aliyenusurika, huitamka mwenye gari, na huitamka kiongozi anayefika matangani kutoa rambirambi. Wahenga walioitunga hawakukusudia kumpa mzembe mahali pa kujificha. Walikuwa wakitufunza unyenyekevu mbele ya mambo yaliyo nje ya uwezo wa binadamu. Lakini yako mambo mengi yaliyomo katika uwezo wetu, na mojawapo ni kile kipande cha mpira kinacholiunganisha gari na ardhi.

Gari dogo hushikana na barabara kwa sehemu nne tu, na kila sehemu ina ukubwa unaokaribiana na kiganja cha mtu mzima. Nguvu za injini, uimara wa breki na ustadi wa dereva, vyote hupitia katika viganja hivyo vinne. Viganja vikipoteza mshiko, injini na breki huwa mapambo tu, naye dereva huwa abiria kama wale aliowabeba.

Ninashikilia katika makala haya kwamba sisi wakazi wa Meru na Embu, na hasa shule zetu, hatuna budi kuanzisha desturi ya kuyaandaa matairi kwa kufuata misimu, kama wafanyavyo watu wa nchi za theluji. Tuige desturi yao ya kujiandaa. Matairi yao tuwaachie wenyewe.

Tuanze na nchi yenyewe. Anayetoka Embu kuelekea Meru hupita Runyenjes, Chuka na Nkubu. Barabara hiyo imeambaa ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya, na kwa kuwa mito ya mlima huo huteremka kuelekea mto Tana, kila baada ya masafa mafupi dereva hushuka bondeni, huvuka daraja, kisha hupanda tena. Thuci, Nithi na Mutonga ni baadhi tu ya mito hiyo. Mteremko na kona hukutana darajani, mahali ambapo gari limeshika kasi na breki zimeshapata moto. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kuelekea Mombasa lilitumbukia kutoka daraja la Nithi, katika kaunti ya Tharaka-Nithi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Mazungumzo mengi baada ya msiba huo yalihusu breki na umbo la barabara. Sisemi kwamba tairi ndilo lililowaua watu wale. Nasema kwamba mahali kama pale hapasamehe kasoro yoyote ya gari, iwe ndogo kiasi gani.

Kisha kuna hali ya hewa. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, nayo vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Aghalabu Aprili na Novemba ndiyo miezi yenye mvua nyingi zaidi. Katikati yake huingia kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ambapo ukungu na manyunyu hutanda Kianjokoma, Chogoria, Kibirichia na Timau hata mtu asione mbali. Manyunyu hayo mepesi yana hila yake. Hayana nguvu ya kuosha lami, bali huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani yakafanya utando wa utelezi. Ukiiacha lami na kuingia katika njia za mashambani, unakutana na udongo mwekundu wa volkano, ambao ni neema kwa chai na kahawa, lakini ukilowa hugeuka sabuni.

Sasa tutazame jinsi wenzetu wanavyokabiliana na majira yao. Nchini Uswidi, sheria inadai matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi panapokuwa na theluji au barafu barabarani. Ujerumani iliimarisha sheria yake mwaka 2010. Katika jimbo la Quebec nchini Kanada, ambako Wakongo na Warundi wengi wamehamia, gari la mkazi haliruhusiwi barabarani katika kipindi kilichotajwa na sheria bila matairi hayo. Sababu ni ya kisayansi. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto linaposhuka karibu na nyuzi 7 za Selsiasi, na mpira uliokakamaa haushiki barabara. Tairi la baridi hutengenezwa kwa mpira laini zaidi, na meno yake huchanjwa mikato midogo mingi inayouma theluji.

Jambo ambalo wengi huku hawalijui ni kwamba wakazi wa nchi hizo mara nyingi hawabadilishi tairi peke yake. Hubadilisha gurudumu zima, na lile la majira ya baridi huwa na rimu ndogo na tairi jembamba zaidi. Tairi pana huelea juu ya theluji na maji, ilhali jembamba hukandamiza kwa nguvu zaidi katika eneo dogo, likapenya hadi kwenye ardhi ngumu. Kadhalika, rimu ikiwa ndogo, ubavu wa tairi huwa mrefu, nao ubavu mrefu hufyonza kishindo cha mashimo yaliyofichwa na theluji. Isitoshe, matairi ya rimu ndogo kwa kawaida ni nafuu kwa bei. Kwa hiyo mtu anayeishi Stockholm hupunguza mapambo ya gari lake kila mwaka kwa hiari yake, kwa sababu anajua kwamba majira hayamwogopi mwenye rimu za kumetameta.

Je, hekima hiyo inatuhusu? Inatuhusu sana, tena ilitutangulia hapa hapa. Land Rover za zamani zilizokwenda misheni, hospitali na mashamba ya milimani zilisimama juu ya matairi membamba yenye kimo, nazo zilipenya matope ambayo magari mengi ya leo huyakwepa. Mashindano ya magari ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953, kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka kusudi yakutane na masika, na barabara zinazozunguka Mlima Kenya zilikuwa sehemu ya njia yake. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, hakushinda kwa kasi peke yake. Mashindano yale yalimpa heshima dereva aliyejua kuioanisha gari yake na ardhi iliyokuwa mbele yake siku hiyo.

Leo mambo yamegeuka. Vijana wetu, na baadhi ya wazee wasiokubali kuzeeka, wanavua rimu za inchi 15 zilizokuja na gari na kutia za inchi 17, zenye tairi pana lenye ubavu mwembamba kama ukanda. Gari hupendeza kweli kweli likiegeshwa mjini Embu au Makutano ya Meru. Lakini likiingia katika shimo la lami iliyobomoka, rimu hugonga ardhi, ikapinda au ikapasuka. Likikutana na maji yaliyotuama, upana ule hulisaidia kuelea. Chanda chema huvikwa pete, ni kweli, ila pete isiwe ya kukikata chanda chenyewe.

Hapa ningependa kuwaomba walimu wa hisabati wanisaidie, kwa maana ubavuni mwa kila tairi kuna somo zima. Chukua tairi lililoandikwa 195/65R15. Tarakimu ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili inaonyesha kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 126.75. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi 15 ni milimita 381. Ukijumlisha rimu na bavu mbili, juu na chini, utapata gurudumu lenye kipenyo cha milimita 634.5. Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa tairi la 225/45R17. Utapata milimita 634.3. Magurudumu hayo mawili yanakaribia kulingana kabisa kwa kimo. Kilichobadilika ni kwamba la pili lina upana zaidi kwa milimita 30, na ubavu wake umepungua kutoka milimita 127 hivi hadi 101. Yaani tumenunua upana na mng'aro, na kulipa kwa ule mto wa hewa unaolinda rimu, uti wa gari na mgongo wa abiria.

Hesabu hiyo pia inatoa onyo kwa anayebadilisha bila kupima. Mtu akitoa 195/65R15 akatia 195/55R15, kipenyo hushuka hadi milimita 595.5. Spidomita yake ikionyesha kilomita 100 kwa saa, kwa hakika anakwenda 94 hivi. Huyo hana hatari kubwa katika jambo hilo. Hatari iko kwa anayekwenda upande wa pili. Akitia 205/65R16, kipenyo hupanda hadi milimita 672.9, na spidomita ikimwambia 100, yeye yuko 106. Anadanganywa na chombo alichokiharibu mwenyewe. Kwa hiyo anayetaka kurudi kwenye rimu ndogo, jambo ambalo naliunga mkono, ahakikishe kwamba kipenyo cha gurudumu zima hakibadiliki, kwamba rimu hiyo inaweza kuzizunguka breki bila kuzigusa, na kwamba tairi linastahimili uzito ulioamriwa na mtengenezaji wa gari.

Nilisema kwamba matairi ya wenzetu tuwaachie wenyewe. Huenda msomaji akauliza ni nani katika Meru anayenunua tairi la theluji. Jibu ni kwamba wapo wengi wasiojua kwamba wamelinunua. Magari mengi madogo tunayoyaendesha huagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika. Japani ina maeneo yenye theluji nyingi, na tangu ilipopitisha sheria mwaka 1990 ya kupiga vita matairi yenye misumari, ambayo yalikuwa yakichimba lami na kujaza miji vumbi, madereva wake wametegemea matairi laini yasiyo na misumari. Ubavuni huandikwa neno STUDLESS. Gari likitoka Hokkaido na matairi hayo, huweza kufika Mombasa nayo, kisha Nairobi, kisha Chuka. Mnunuzi huyatazama, huona meno bado ni marefu, na humshukuru Mungu kwamba hatanunua mengine.

Masikini, hajui alichopewa. Hata katika mwezi wa Julai, joto la mchana mjini Embu au Meru liko juu sana ya nyuzi 7. Timau usiku huweza kuwa na baridi ya kuumiza vidole, lakini gari linaloondoka Timau alfajiri linaweza kuwa Isiolo kabla ya adhuhuri, kwenye lami inayochoma nyayo. Linaloondoka Kianjokoma, karibu na msitu wa mlima, huweza kuteremka hadi Kiritiri katika joto la Mbeere siku hiyo hiyo. Mpira uliotengenezwa uwe laini barafuni huwa laini kupita kiasi katika joto hilo. Huchakaa upesi, huyumba konani, na huhitaji masafa marefu zaidi kusimama. Hata kwenye lami yenye maji tu, bila theluji, matairi ya aina hiyo kwa kawaida hayashiki vizuri kama tairi la kawaida lililo katika hali njema.

Fauka ya hayo kuna suala la umri. Matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 huonyesha tarehe kwa tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT. Ukisoma 2319, ujue kwamba tairi lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani, ukakauka na kufanya nyufa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeyaweka matairi kuukuu ya magari madogo katika orodha ya bidhaa zisizoruhusiwa kuingizwa. Hata hivyo, yale yanayokuja yakiwa yamevaliwa na gari lenyewe huingia nalo, na baadaye mengine huvuliwa na kuuzwa kando ya barabara. Katika maeneo hayo hayo utamkuta fundi akichonga mifereji mipya kwa kisu katika tairi kipara, ili polisi akitazama kwa mbali aone meno. Meno hayo yamechongwa katika nyama iliyokuwa ikizilinda nyuzi za ndani. Huko ni kupunguza tairi lililokwisha kupungua.

Mifereji ya tairi ina kazi moja kuu, nayo ni kuyapa maji njia ya kutoka. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Barani Ulaya, kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa kwa gari dogo ni milimita 1.6, na Austria hudai milimita 4 kwa tairi la baridi. Kina kikipungua, maji hukosa pa kwenda, hujenga utando chini ya tairi, na gari huteleza juu yake kama mtumbwi.

Walimu wa fizikia nao wanaweza kuonyesha maana ya jambo hili ubaoni. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 hivi kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja kutambua hatari, mita 22 zimekwisha kabla hajagusa breki. Tukichukua kipimo cha msuguano cha 0.7, kinachofaa kwa tairi zuri na lami kavu, gari litasimama baada ya mita nyingine 36. Jumla ni mita 58. Msuguano ukishuka hadi 0.35 kwa sababu ya maji na tairi lililochakaa, mita 36 zinakuwa 72, na jumla inakuwa 94. Tofauti ni mita 36, nazo zatosha kumfikia mtoto anayevuka barabara au ukingo wa daraja. Na ni barabara tambarare tuliyoichukua kama mfano. Katika mteremko wa Nithi hesabu huwa mbaya zaidi.

Sasa tuitazame kalenda ya shule kando ya kalenda ya mvua. Muhula wa kwanza hufungwa masika yakiwa yameshika kasi, na wa pili hufunguliwa kabla hayajaisha. Muhula wa tatu hukamilika vuli ikiwa imeanza. Mashindano ya michezo ya muhula wa kwanza na tamasha za drama huangukia masika, nazo tamasha za muziki huangukia kipupwe. Yaani tumepanga, bila kukusudia, kwamba watoto wetu wawe barabarani kwa maelfu katika wiki zile zile ambapo barabara ina utelezi zaidi. Wanatoka bwenini alfajiri wakiimba, wamebanana katika basi la manjano au matatu iliyokodiwa, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa iwapo ameridhika na matairi.

Najua yatakayosemwa kunipinga, na si maneno ya kupuuzwa. La kwanza ni gharama. Tairi la basi ni ghali, na shule nyingi hungoja fedha za serikali zinazochelewa, huku wazazi wakilemewa na karo. Mambo hayakufanywa rahisi zaidi kiwanda cha matairi cha Nairobi, kilichoanzishwa na Firestone na baadaye kumilikiwa na Sameer, kilipoacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Lakini shule hiyo hiyo hupata fedha za kupaka lango rangi wageni wanapotarajiwa. Tena hatua ya kwanza haina gharama kubwa. Kipimo cha kina cha mifereji ni kifaa kidogo cha bei nafuu, na kupima upepo asubuhi kabla gari halijapata moto ni kazi ya dakika chache. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mkuu wa shule anayeogopa manung'uniko ya mkutano wa wazazi kuhusu bei ya matairi afikirie mkutano wa aina nyingine atakaolazimika kuuitisha.

La pili ni kwamba kosa liko kwa barabara. Ni kweli kwamba kona mbaya na mashimo ni wajibu wa serikali, na tusiache kudai. Lakini barabara hurekebishwa kwa bajeti za miaka, ilhali safari ya wanafunzi ni kesho. Anayejua kwamba barabara ni mbaya ana sababu mara mbili ya kuwa na tairi zuri.

La tatu, ambalo hulisikia sana kutoka kwa madereva wa pikapu za miraa zinazotoka Maua zikipeperuka kuelekea Nairobi, ni kwamba dereva hodari hahitaji kuogopa utelezi. Miraa hunyauka na soko halingoji, nakubali. Ila ustadi hauongezi msuguano. Turudi kwenye hesabu yetu. Kwa kipimo kile kile cha 0.35, gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa husimama baada ya mita 57 hivi, sawa na lile la kilomita 80 lenye tairi zuri kwenye lami kavu. Dereva hodari ni yule anayeijua hesabu hiyo na kupunguza mwendo. Wengine mbio zao ni za sakafuni, na sote tunajua huishia wapi.

Basi tufanyeje? Kwanza, kila shule yenye gari iweke siku mbili kwa mwaka za kukagua matairi, moja mwishoni mwa Februari kabla ya masika, na nyingine mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli. Ukaguzi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani ni wa lazima, lakini cheti kilichotolewa miezi kadhaa iliyopita hakisemi lolote kuhusu meno ya tairi leo. Matokeo yaandikwe katika daftari: kina cha mifereji, tarehe ya kutengenezwa, nyufa na upepo. Ningependekeza kwamba tairi la gari dogo lililoshuka chini ya milimita 3 lisivuke nalo masika. Kwa mabasi, matairi ya mbele yawe ndiyo bora kabisa, na yale pacha ya nyuma yalingane kwa kimo, kwa maana lililo refu zaidi hubeba mzigo wa mwenzake hadi likapasuka.

Pili, shule inayokodi matatu idai ukaguzi huo huo kabla ya kulipa hata shilingi moja, na mwalimu anayeongoza safari apewe mamlaka ya kulikataa gari. Mwalimu asiyeweza kukataa gari bovu amefanywa msindikizaji tu.

Tatu, wanafunzi wenyewe wafanye ukaguzi huo chini ya uongozi wa walimu na fundi. Samaki mkunje angali mbichi. Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Meru na vyuo vingine vya ufundi katika kaunti hizi vina vijana wanaosomea umekanika, na sioni sababu ya kutowaalika katika shule za jirani mara mbili kwa mwaka. Mwanafunzi aliyeshika kipimo mkononi na kuhesabu masafa ya kusimama ataingia matatu siku moja akiwa mtu mzima, na atalitazama tairi kabla ya kutazama rangi na muziki.

Nne, wenye magari binafsi, wakiwemo walimu wenyewe, warudie saizi iliyoandikwa na mtengenezaji katika kibandiko cha mlango wa dereva. Anayetaka kubadilisha, abadilishe kuelekea rimu ndogo na ubavu mrefu zaidi, kwa kuzingatia masharti niliyoyataja. Na anayenunua gari kutoka Japani asome ubavu wa tairi kwa makini kama anavyosoma hati ya umiliki.

Mataifa ya theluji hayakuzaliwa na busara kuliko sisi. Yalizika watu wao, yakahesabu, kisha yakatunga desturi na sheria. Sisi tumekwisha kuzika wa kutosha darajani Nithi na kwingineko. Masika hutangazwa na Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga, hutangazwa na mawingu juu ya mlima, na hata na mkulima anayetayarisha shamba la mahindi. Mkulima huyo hangoji mvua imkute na jembe lisilo na mpini. Mwenye gari naye asingoje imkute na tairi lisilo na meno.